Kikapu cha Hewa

Wahenga waliosema kupotea njia ndiko kujua njia hawakuwahi kugusa kompyuta, wala hawakujua kwamba iko siku watoto wa Handeni watashindana kuiamuru mashine ihesabu. Hata hivyo waliona mbali. Walimaanisha kuwa mtu aliyewahi kupotea, kisha akarudi nyuma na kutazama alipoteleza, huijua njia kuliko yule aliyepita mara moja kwa bahati, akadhani dunia nzima imenyooka. Anayebisha na asikilize yaliyotokea katika Shule ya Sekondari Kwedisaga, pembezoni mwa Mkata, ambako mashamba ya mihogo yamesogea hadi chini ya madirisha ya madarasa.

Shule hiyo ilikuwa na chumba kimoja kilichotolewa macho na kila mtu. Kilikuwa na sakafu ya saruji na mlango wa chuma, na ndani yake mlikuwa na kompyuta chache kuukuu zilizoletwa na wafadhili. Wanafunzi wa klabu ya programu walikipenda kwa sababu ya kompyuta. Mkuu wa shule, Mwalimu Obadia, alikipenda kwa sababu ya sakafu. Kila msimu wa mavuno wazazi walileta mahindi ya chakula cha mchana cha wanafunzi, na kwa kuwa shule haikuwa na ghala, magunia yalipangwa ofisini kwake, panya wakafanya sherehe juu ya mafaili. Mwalimu Obadia hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kugawana ofisi na panya.

"Mwalimu Serafina," alimwambia msimamizi wa klabu hiyo, "mahindi yanaliwa na watoto wote wa shule. Kompyuta zinaguswa na watoto wachache wa klabu yako. Wewe ni mwalimu wa hisabati, hebu nisaidie hesabu hiyo."

Mwalimu Serafina alikuwa mwanamke mfupi aliyeshuka kutoka milima ya Usambara, mwenye sauti ya chini na msimamo usiotikisika. Alimjibu kwamba mwezi uliokuwa ukifuata kungekuwa na mashindano ya programu kwa wanaoanza, mjini Korogwe, na maswali yake yote yangekuwa ya hesabu. Shule tatu za kwanza zingekwenda Tanga kushindana ngazi ya mkoa.

"Basi tukubaliane," Mkuu akasema. "Mkiingia tatu bora, chumba ni chenu na sitakigusa tena. Mkikosa, naingiza mahindi."

Habari hizo zilimchoma Hajira kuliko mwanafunzi mwingine yeyote. Hajira alikuwa kidato cha pili, binti wa mama aliyeuza machungwa kando ya barabara kuu mabasi yaliposimama. Nyumbani kwao hapakuwa na kompyuta, na simu iliyokuwepo ilikuwa ya kitochi. Chumba kile ndicho mahali pekee alipoweza kulitoa jambo kichwani mwake, kuliandika, kisha kuliona likitendeka mbele ya macho yake. Alikipenda kwa dhati, tena kwa wivu. Kila alipofikiria gunia la mahindi limeketi kwenye kiti chake, alikishika kiti hicho kwa mikono miwili.

Kulikuwa na tatizo moja tu. Hajira alikuwa bingwa wa kukosea.

Nalo hilo halikuwa siri, kwa sababu Mwalimu Serafina alikuwa na utaratibu wake ambao haukupata kuonekana katika shule nyingine. Programu yoyote iliyotoa jibu lisilo sahihi iliandikwa kwenye karatasi ya manila kwa kalamu nene, ikabandikwa kwenye ukuta wa nyuma wa chumba, na jina la mwenyewe chini yake. Kesho yake mwenye kosa alisimama mbele ya wenzake, akawaonyesha kwa kidole mahali alipoiacha njia. Wanafunzi waliuita Ukuta wa Waliopotea. Kuna watu huficha makosa yao kama mtu anayeficha soksi iliyotoboka. Katika klabu ile, soksi zote zilianikwa hadharani. Na ukutani hapo jina la Hajira lilitapakaa kuanzia juu hadi chini.

Jina ambalo halikuonekana hata mara moja ni la Kaleb. Kaleb alikuwa na akili inayowaka haraka kama kiberiti. Mwalimu akimaliza kusoma swali, yeye alikwisha kuandika nusu ya jibu. Aliujaribu mfano uliotolewa kwenye swali, jibu likilingana, alikunja mikono na kutazama dirishani. Likikataa, alilifuta upesi kabla mtu hajaliona, akabahatisha jingine. Hakuna aliyemlaumu, maana mwisho wa yote jibu lake lilipatikana.

Kosa lililompa Hajira umaarufu lilitokea siku mwalimu alipoleta swali la machungwa. Swali lilikuwa jepesi masikioni: una machungwa kadhaa, kila kikapu kinachukua kumi, andika programu itakayosema unahitaji vikapu vingapi. Mfano ulikuwa machungwa ishirini na matatu, na jibu lake vikapu vitatu. Hajira akaandika: gawanya kwa kumi, acha yanayobaki, kisha ongeza kikapu kimoja. Akajaribu mfano, akapata vitatu. Akatabasamu hadi masikioni.

"Kwa nini umeongeza kimoja?" mwalimu aliuliza.

"Hicho ni cha nyongeza, mwalimu. Mama hatoki nyumbani bila kikapu cha nyongeza. Yakibaki machungwa yanaingia humo, na mteja akinunua lazima umwongezee moja, analitoa humo humo. Usipompa nyongeza, kesho ananunua kwa jirani."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu Serafina hakucheka. Alimtuma Muhsin, kijana mchangamfu aliyekuwa na vidole vyepesi kuliko wote kwenye kibodi, alete vikapu vitatu kutoka jikoni, na machungwa ishirini kutoka kwa mama yake Hajira. Mama aliposikia kuwa ni ya masomo, aliyatoa bila ubishi, akaongeza na moja la nyongeza ambalo Muhsin alilila njiani.

"Haya, Hajira," mwalimu akasema. "Leo wewe ndiye kompyuta. Kompyuta haina mama, haina mteja, haina huruma. Inafanya ulichoiamuru. Programu yako inasema machungwa ishirini yanahitaji vikapu vingapi?"

Hajira akagawanya kichwani, akapata viwili, akaongeza kimoja. "Vitatu."

"Yapange."

Hajira akapanga kumi, kisha kumi. Kikapu cha tatu akabaki nacho mkononi.

"Kibebe, uzunguke nacho uwanja wa shule. Umekihitaji mwenyewe."

Hajira akatoka na kikapu kitupu kichwani, wenzake wakimfuata nyuma kama harusi. Kila aliyekutana naye aliuliza amebeba nini, naye alitakiwa kujibu kwa sauti: "Hewa!" Mpishi wa shule akauliza. "Hewa!" Mlinzi akauliza. "Hewa, shikamoo!" Aliporudi chumbani alikuwa amecheka hadi machozi, na wenzake pia, lakini kuna kitu kilikuwa kimezama ndani yake na hakingetoka tena.

"Nimepaona nilipopotea," alisema. "Kikapu cha ziada kinahitajika machungwa yakibaki tu. Yakitimia sawasawa, sikihitaji. Inabidi kwanza niulize: kuna baki au hakuna?"

Mwalimu aliifanya kauli hiyo kuwa sheria ya klabu. Tangu siku hiyo, kabla ya mtu kukunja mikono, alipaswa kuiuliza programu yake maswali matatu: vitu vikibaki, je? Vikitimia sawasawa, je? Na visipokuwepo kabisa, je? Maswali yote hayo yalichimbwa kutoka kwenye ule ukuta. Kaleb aliyasikia, akayapuuza. Kwa nini mtu aulize njia wakati amekwisha fika?

Wiki ya mwisho kabla ya mashindano, Mkuu wa shule aliingia chumbani kupima kwa macho magunia yangekaaje. Akauona ukuta. Alisoma karatasi moja baada ya nyingine, uso ukimbadilika.

"Mwalimu Serafina, hii ni nini? Mgeni akija ataona shule yangu inafuga wajinga! Na huyu Hajira... Hajira, Hajira, Hajira, tena Hajira! Huyu ndiye unayempeleka Korogwe?"

"Ndiye, Mkuu. Yeye, Kaleb na Muhsin."

"Kaleb sawa. Muhsin sawa. Lakini huyu bingwa wa kukosea unampeleka akatuaibishe? Klabuni wapo wengine, mpeleke Frank."

Hajira alikuwa ameketi palepale, karibu kabisa, akajiona anazidi kusinyaa. Kukosea mbele ya wenzake alikwisha kuzoea. Kusemwa hivyo na Mkuu lilikuwa jambo jingine. Alitamani ardhi ipasuke.

"Mkuu," Mwalimu Serafina akasema kwa ile sauti yake ya chini, "ukienda Korogwe kwa njia ya porini, utaongozana na nani? Na aliyewahi kuanguka kwenye mashimo yote, au na ambaye hajui kama yapo?"

Mwalimu Obadia aliutazama tena ukuta. Mtu aliyekulia Handeni hawezi kulijibu swali hilo vibaya hata akiwa na hasira. "Mpeleke," akasema hatimaye. "Ila karatasi hizi zitoke ukutani. Na mahindi yanakuja Jumatatu."

Karatasi zikatolewa, zikaviringishwa, zikasimamishwa kwenye kona. Ukuta ulibaki mweupe na mpweke. Hajira aliutazama, akapiga moyo konde. Karatasi zingeweza kutoka. Yaliyoandikwa humo alikuwa ameyabeba kichwani.

Siku ya mashindano walipanda basi la alfajiri, wakapita Segera na kuingia Korogwe jua likiwa bado changa. Ukumbi ulikuwa umejaa wanafunzi wa shule mbalimbali, wengine wamevaa fulana za klabu zenye maandishi ya kung'aa, wengine wamekuja na kompyuta mpakato zao wenyewe. Wana-Kwedisaga walikuwa na sare za shule na chupa moja ya maji.

"Oya, hawa mbona kama wamezaliwa na kompyuta mkononi?" Muhsin akanong'ona.

"Waache," Kaleb akamjibu. "Swali halijui umevaa nini."

Taratibu zilielezwa. Kila kundi lilipewa kompyuta moja na maswali matano. Ukiwasilisha programu, mashine ya waandaaji iliipima kwa namba za siri ambazo hazikuwa kwenye karatasi ya maswali. Ikipita zote, ulipata alama zako. Ikishindwa hata moja, uliambiwa tu kuwa si sahihi, tena alama zikapunguzwa. Majina ya shule yalipangwa kwenye skrini kubwa ukutani, yakipanda na kushuka kadiri majibu yalivyoingia.

Walianza vizuri sana. Kaleb aliyafyeka maswali mawili ya kwanza kama mtu anayefyeka majani mabichi. Hajira alilichukua la tatu, akaliuliza yale maswali matatu, likapita. La nne liliwashinda, kama lilivyozishinda shule karibu zote. Likabaki la tano, na kwenye skrini kubwa Kwedisaga ilikuwa ya nne. Wakilipata, wangeingia tatu bora.

Swali la tano lilihusu shamba la katani. Kuna mizigo kadhaa ya majani ya katani inayotakiwa kupelekwa kiwandani. Trekta linabeba idadi fulani ya mizigo kwa safari moja. Trekta litakwenda safari ngapi? Mfano: mizigo kumi na saba, trekta likibeba mitano, jibu ni safari nne.

"Hili nalo swali?" Kaleb akasema. "Muhsin, andika. Gawanya, halafu ongeza moja. Kumi na saba kwa tano ni tatu, ukiongeza moja, nne. Tuma."

"Kaleb, subiri kidogo," Hajira akaanza.

"Muda hauna subira. Tuma!"

Muhsin akatuma. Maandishi mekundu yakatokea: si sahihi. Alama zikapungua, na shule iliyokuwa ya tano ikawasogelea visigino.

Kaleb alipigwa na butwaa. Ile kengele ya kosa aliyozoea kuizima kabla haijasikika, leo imelia mbele ya ukumbi mzima. "Basi toa hiyo moja," akasema kwa pupa. "Gawanya tu, usiongeze. Tuma."

"Sitatuma," Muhsin akajibu, akaondoa mikono kwenye kibodi. "Hiyo hata mfano haipiti. Inatoa tatu."

"Labda tuzidishe... labda tuongeze mbili..." Kaleb akazidi kubahatisha. Kijana aliyekuwa hajawahi kupotea hadharani alikuwa amefika njia panda, na hakujua hata namna ya kugeuka nyuma. Msimamizi alitangaza kuwa muda uliobaki ni mchache. Hajira aliona chumba chao, mlango wa chuma, magunia yakiingizwa moja baada ya jingine. Hata hivyo hakuogopa, kwa sababu mahali walipokwama alipajua kama ajuavyo uwanja wa shule. Alikwisha pazunguka kwa miguu yake mwenyewe.

"Kaleb," akamwita kwa upole, "nisikilize. Mizigo ikiwa ishirini?"

"Ishirini kwa tano ni nne. Unaongeza moja. Tano."

"Safari ya tano, trekta limebeba nini?"

Kaleb akaitazama karatasi ya maswali, kisha akamtazama Hajira. Midomo yake ikasogea kabla sauti haijatoka.

"Hewa," akasema.

"Hewa! Kikapu changu hicho!" Hajira akacheka, na kicheko hicho kiliwafungua wote watatu. "Muhsin, andika. Gawanya kwanza. Halafu uliza baki. Baki ikiwepo, ongeza safari moja. Isipokuwepo, usiongeze kitu. Haya, tuiulize. Ikibaki?"

"Kumi na saba, nne. Sawa," Muhsin akajibu.

"Ikitimia?"

"Ishirini, nne. Sawa."

"Mizigo isipokuwepo kabisa?"

Muhsin alitaka kucheka, lakini Kaleb akamtangulia. "Sifuri. Haibaki kitu, haiongezeki kitu. Trekta linalala." Akavuta pumzi. "Tuma, Muhsin. Sasa tuma."

Muhsin akatuma. Kwa kitambo kidogo skrini haikuonyesha kitu. Kisha maandishi yakawa ya kijani. Kwenye skrini kubwa jina la Kwedisaga lilitikisika, likapanda, likaketi nafasi ya tatu. Shule nyingine nyingi zilikuwa zimekwama kwenye safari ileile ya hewa, na kengele ya mwisho ilipolia zilikuwa bado zinabahatisha. Huko nyuma, kwenye viti vya walimu, Mwalimu Serafina, mwanamke wa sauti ya chini, alipiga kigelegele kilichowageuza watu ukumbi mzima.

Jumatatu mahindi yalifika kama yalivyoahidiwa. Mkokoteni ulisimama mbele ya chumba cha kompyuta, wabebaji wakauliza magunia yaingie wapi. Mwalimu Obadia alikuwa mlangoni, funguo mkononi. Aliwatazama wabebaji, akautazama ule mlango mzuri wa chuma, akaguna kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Pelekeni ofisini kwangu," akasema. "Panya tumekwisha zoeana."

Kisha akaingia ndani, akaenda kwenye kona, akayachukua yale mabunda ya manila na kuyafungua mezani. "Mwalimu Serafina, gundi iko wapi? Rudisheni ukuta wenu. Mgeni akija nitamweleza mwenyewe."

Hajira na Muhsin walibandika karatasi moja baada ya nyingine, kila moja mahali pake. Walipomaliza, palibaki nafasi tupu katikati, na Kaleb akasogea na karatasi mpya iliyoviringishwa kwapani. Aliandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa kalamu nene: gawanya, kisha ongeza moja. Chini yake akaandika jina lake, kwa herufi kubwa kuliko za mtu mwingine yeyote. Aliibandika kando ya karatasi ya kikapu ya Hajira, akageuka kuwakabili wenzake, akanyoosha kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Hapa ndipo nilipopotea," akasema bila kuinamisha kichwa. "Tukienda Tanga, mtu asije akaniona napita hapa tena."

Mkuu wa shule, aliyekuwa bado ameshika gundi, alikuwa wa kwanza kumpigia makofi. Ama kweli, kupotea njia ndiko kujua njia.